Unga wa Jumapili

Habari ilimfikia mshonaji saa tano asubuhi, siku ya Alhamisi, akiwa na pini tatu mdomoni na gauni la bibi harusi mapajani. Mlango ulikuwa wazi ili mwanga uingie. Wanaume wawili walisimama kizingitini, weupe kuanzia kofia hadi viatu, na kwa kuwa jua lilikuwa mgongoni mwao hakuziona nyuso. Mmoja alikuwa mrefu, bega la kulia limeshuka kidogo, kama mtu aliyebebea magunia upande huo miaka mingi.

"Mbona mapema leo?" alimwuliza, pini zikiwa bado mdomoni. "Wamekufukuza au umeme umekatika?"

Yule mrefu alivua kofia, na mshonaji akaona kwamba mtu huyu ana upara. Mumewe hakuwa na upara.

"Shemeji," mtu huyo alisema, "zitoe pini kwanza."

Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake. Ndipo wakamweleza, huyu akianza sentensi na yule akiimalizia. Mumewe, mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate, alifungua gunia la tatu la asubuhi hiyo. Akakohoa. Hilo halikumshtua mtu, maana kikohozi chake walikuwa wamekizoea kama mlio wa mashine. Kisha akaketi juu ya mbao za kupangia magunia na kuanza kujipapasa mapajani. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa katika suruali yake ya nyumbani, chumba cha kubadilishia nguo, kwa sababu karibu na mashine ni marufuku kuwa na kitu mfukoni. Mmoja alikimbia kuichukua, lakini ilifika ikiwa imechelewa. Gari la mikate lilikuwa limetoka kusambaza. Walimlaza kwenye toroli la trei, wakamsukuma mpaka barabarani, wakasimamisha gari la mtu aliyekuwa amebeba matikiti.

"Hospitali walimpokea akiwa tayari," alisema mwenye upara.

"Tayari nini?"

"Tayari, shemeji."

Mumewe alikuwa na miaka arobaini na minne. Kila jioni alirudi na unga kwenye nyusi na nywele, na wale pacha wa miaka saba walikuwa na mchezo wao: walimpokea mlangoni wakasema, "Shikamoo, babu. Hujamwona baba huko njiani?" Naye alijibu kwa sauti ya kizee kwamba amemwona, mvivu yule, anakuja akijikokota. Mvi zake mwenyewe hakuwahi kuziona.

&nbsp;

Siku ya tisa baada ya mazishi, mdogo wa marehemu alikuja na mambo mawili. Alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa sauti kubwa, na msiba ulikuwa umempunguzia sauti lakini si maneno.

"Shemeji," alisema akiwa bado hajaketi vizuri, "la kwanza ni kiti."

Kiwandani kulikuwa na desturi. Mfanyakazi akifa, nafasi yake huwekwa mwezi mmoja kwa ajili ya mtu wa nyumba yake. Waliiita kiti cha marehemu, ingawa katika chumba cha unga hakuna aliyewahi kukaa.

"Kiti hakiozi," shemeji aliendelea, "lakini huliwa. Pale nje ya lango watu wamejaa kama inzi. Ningekwenda mimi, lakini mimi na unga wapi na wapi? Mimi mtu wa mchanga."

Binti mkubwa alikuwa akiosha vyombo nyuma ya pazia lililokata chumba chao kirefu vipande viwili. "Nitakwenda mimi, baba mdogo," alisema.

"Huendi," alisema mama yake.

"Mama, nimemaliza shule tangu mwaka jana. Nimeandika barua za kazi mpaka kidole kimeota sugu. Nani amejibu?"

"Nimesema huendi. Chumba kile kimekula mtu mmoja. Hakijashiba?"

Pacha, waliokuwa wakichora sakafuni, waliacha kuchora. Shemeji akainua kiganja kama mtu anayesimamisha gari.

"Ngojeni, sijafika la pili. La pili ni fidia. Mtu akifa kwa ugonjwa wa kazi, kuna ofisi huwalipa watoto wake kila mwezi mpaka wamalize shule. Hiyo ikitoka, kiti waachieni inzi. Binti atulie asubiri kazi ya kalamu."

"Na isipotoka?" binti aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Wewe nawe! Osha mdomo kabla ya hivyo vyombo."

Lakini swali lilikuwa limeshatoka, na wote waliokuwamo walilisikia. Mwezi wa kiti ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa. Mshonaji alilikunja lile gauni la bibi harusi, ambalo wenyewe walikuwa wameona haya kulifuata, akaliweka juu ya kabati. Kesho yake alivaa viatu vya kutokea.

&nbsp;

Ofisi ya fidia ilikuwa ghorofa ya pili, na benchi lake lilikuwa fupi kuliko foleni. Alikuwa na cheti cha kifo, kitambulisho cha kazi cha marehemu na jalada la zahanati, vyote ndani ya mfuko aliousafisha kwa kitambaa kabla ya kutoka. Afisa alikuwa mwanamke wa rika lake, nadhifu, mwenye gauni la kijani ambalo zipu yake, mshonaji aliona mara moja, ilikuwa imeshonwa na mtu asiyejua. Afisa alifunua jalada kwa ncha ya kalamu, karatasi baada ya karatasi, mpaka akasimama.

"Mama, hapa pana tatizo. Miezi minane iliyopita daktari aliandika hivi: 'Mgonjwa ana pumu. Dalili hazipungui siku za mapumziko. Haionekani kuhusiana na kazi.'"

"Alikanda unga miaka kumi na tisa."

"Sikatai. Ila ugonjwa wa kazi hulegea mtu akiwa mbali na kazi. Hicho ndicho kipimo chetu. Huyu nyumbani alikuwa hapati nafuu. Nani alimwambia daktari hivyo?"

Mshonaji aliiangalia ile zipu.

"Mimi," alisema.

Siku ile mumewe alikuwa amekaa mbele ya daktari, mikono magotini, akivuta hewa kama mtu anayenyonya kwa mrija uliopasuka. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Aliuliza: siku usipokwenda kazini, kifua kinafunguka? Mumewe aliinua kidole, anaomba nafasi ya kupumua kabla ya kujibu, na yeye akamjibia, kama alivyozoea kumjibia tangu pumzi ilipoanza kuwa haba. "Hapana, daktari. Jumapili ndiyo humbana kabisa." Daktari alimsifu. Alisema laiti wagonjwa wote wangekuwa na wake wenye macho namna hii. Njiani kurudi, mumewe alimtania kwamba sasa amekuwa nesi, na yeye aliifurahia sifa ile mpaka nyumbani.

Na ilikuwa kweli. Jumapili ndiyo ilimbana kabisa. Hakuwa ameongeza hata chumvi.

"Lete barua nyingine ya daktari," afisa alisema, "na maelezo ya kiwanda kuhusu kazi aliyokuwa akifanya. Bila hivyo sina pa kuanzia."

"Kwa muda gani?"

"Hilo linategemea wao."

&nbsp;

Msimamizi wa kiwanda aliitwa Bwana Dakika, kwa kuwa aliangalia saa hata akiwa ananawa mikono. Alimweka mshonaji langoni tangu saa mbili mpaka saa nne. Alipotokea alimpa pole fupi, akasema maelezo yataandikwa na kupelekwa ofisi ya fidia moja kwa moja, yeye asijisumbue. Vitu vya marehemu anaweza kuvichukua. Atasindikizwa.

Aliyemsindikiza alikuwa mama mmoja mnene wa kitengo cha tanuri, mfanyakazi mkongwe kuliko wote, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

"Pita, mwanangu. Funga pua yako na kanga, wala usione aibu."

Kwa miaka yote ile mshonaji hakuwahi kuvuka lango. Alikuwa amekijua chumba cha unga kwa harufu ya nguo tu. Sasa alikiona. Kilikuwa kidogo kuliko darasa, madirisha yake yamepigwa misumari, na taa zake zilikuwa na ukungu kama za barabarani wakati wa mvua. Yule mwenye upara ndiye aliyekuwa akishikilia mashine ya mumewe kwa muda. Alipandisha gunia begani, akachana mdomo wake, akalibwaga lote ndani ya chombo kwa pigo moja. Wingu lilipanda mpaka darini, likakaa huko kidogo kama linalofikiri, kisha likaanza kushuka juu ya kila mtu. Chombo kilikuwa na kifuniko, lakini kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani, na juu yake mtu ametundika koti.

Mezani mwanamume mwingine alichota unga kiganjani na kuutupa kwa kupindua kifundo cha mkono. Unga ulitandaa juu ya meza yote, mwembamba, sawasawa.

"Hiyo tunaita kutupa pazia," Shangazi alisema. "Mgeni tunampima kwa hiyo. Pazia la mumeo lilikuwa halina tundu."

"Na ile feni ukutani?"

"Ya kunyonya vumbi. Bwana Dakika anasema inakula unga wake. Ipo na mashine ya kusafishia sakafu, inayonyonya kama tembo. Imo ofisini kwake, imefunikwa kitambaa kama mwali. Hufunuliwa siku wakaguzi wakija. Siku nyingine ni fagio kavu, na kwenye pembe tunapuliza kwa bomba la upepo."

"Wanaofanya kazi hapa hawaugui?"

"Wote tunakohoa. Kikulacho ki nguoni mwako; chetu sisi ni cheupe tu, basi. Lakini mimi Jumapili nafunguka. Jumatatu naingia hapa nikiimba. Ikifika Jumatano nimekwisha."

"Yeye Jumapili ndiyo alizidiwa."

Shangazi alisimama. "Jumapili? Akiwa kazini?"

"Akiwa kitandani."

"Ajabu! Labda kama mlikuwa na tanuri lenu chumbani." Alicheka kidogo, cheko la kumchangamsha mfiwa. Kisha macho yake yakatua kwenye magunia matupu yaliyorundikwa kando ya mlango, na cheko likaisha. "Mwanangu. Yale magunia aliyokuwa akibeba Jumamosi. Mto wangu mmoja ni wa kitambaa hicho, uliushona wewe, najua kazi yake. Ulikuwa unayakung'utia wapi?"

Mshonaji alikuwa ameshika viatu vya mumewe vya nyumbani, na dawa ya kuvuta imo ndani ya kiatu cha kushoto. Alifungua mdomo. Unga ukaingia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na Shangazi alimpiga piga mgongoni akidhani analia.

&nbsp;

Magunia yale yalikuwa ya pamba safi. Kiwanda kiliyatupa, na mkandaji alileta ishirini kila Jumamosi, yamefungwa kwa kamba. Mkewe aliyashonea foronya, bitana za makoti na aproni za shule. Kabla ya kuyafua ilibidi yakung'utwe, tena sana, maana unga uliobaki kwenye kona ukilowa huwa gundi, na nguo haifai tena. Zamani aliyakung'utia uani. Kisha mama mwenye nyumba akalalamika kwamba nguo zake kwenye kamba zinapakwa unga kama samaki wa kukaanga, na kwamba chumba kina watu wengi wanaokitaka. Tangu hapo, miaka miwili sasa, mshonaji alikung'utia ndani, Jumapili asubuhi, mlango na dirisha vimefungwa ili hata punje isitoke. Unga ulioanguka kwenye shuka aliyotandika sakafuni aliukusanya na kuuchekecha, ukatosha kifungua kinywa cha watu watano. Watoto waliuita unga wa Jumapili na kusema ni mtamu kuliko wa dukani.

Mumewe wakati huo alikuwa amelala nyuma ya pazia. Ndiyo siku yake ya kupumzika. Aliwahi kusema kutoka huko, "Mama, leo umenishinda mimi kazi," na wote wakacheka, na yeye akaanza kukohoa.

Aliporudi kutoka kiwandani alimkuta binti peke yake, pacha wako shule. Aliinama akavuta furushi la mwisho lililokuwa chini ya kitanda, lile la Jumamosi ya kabla ya msiba. Lilikuwa halijafunguliwa, maana Jumapili ile alishughulishwa na gauni la bibi harusi. Alikaa sakafuni akaliweka mapajani.

"Mama, hilo la nini sasa?"

Alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, lakini binti alikuwa mwepesi wa kuelewa, na alipoelewa alikwenda kufungua dirisha, ingawa halikuwa na sababu ya kufunguliwa tena.

"Ulijua?" mama yake alimwuliza.

"Nilijua nini? Hata yeye hakujua. Angejua asingeyaleta."

"Mimi ndiye niliyemjibia."

"Ulijibu ulichoulizwa. Daktari aliuliza habari za siku. Hakuuliza habari za chumba."

"Ningenyamaza akajibu mwenyewe..."

"Angesema hivyo hivyo, mama. Jumapili ilikuwa inambana. Sote tulimsikia."

Mshonaji alikaza fundo la kamba badala ya kulifungua. Baadaye binti alilichukua furushi, akalipeleka mpaka jalala la mwisho wa mtaa, mbali na nguo za watu. Mama mwenye nyumba alimwona akipita nalo na kumwuliza kama hatimaye wanahama.

&nbsp;

Zahanati, daktari yule kijana alikuwa amehamishwa. Mahali pake palikuwa na mama wa makamo, mpole, aliyeacha kalamu chini ili asikilize. Mshonaji alimwambia yote: chumba cha unga, feni, magunia, dirisha, Jumapili. Hakuficha kitu. Daktari aliitikia kwa kichwa, akasema sasa jambo lina mantiki; kifua cha marehemu hakikupewa hata siku moja ya kupumua. Aliandika ukurasa mzima. Mshonaji aliubusu ule mkono uliouandika.

Ofisi ya fidia ilimwita siku nne kabla ya mwezi wa kiti kuisha. Afisa alikuwa na barua mbili mezani. Alisoma ya kiwanda kwanza, kwa sauti isiyo na rangi. Marehemu hakuwahi kulalamika. Marehemu alikuwa akitoa magunia kiwandani bila kibali cha maandishi. Magunia hayo yalitumiwa na mkewe kwa biashara yake binafsi.

"Bila kibali?" mshonaji alisema. "Msimamizi mwenyewe ndiye aliyemwambia, chukua takataka hizo."

"Alimwandikia?"

"Nani huandikiana takataka?"

Afisa alitaka kutabasamu, akajizuia. "Na hii ya daktari. 'Vumbi la unga kazini, na siku za mapumziko vumbi la unga nyumbani, kutokana na kukung'utwa kwa magunia ndani ya chumba kilichofungwa.' Mama, haya ni maneno yako?"

"Ni yangu. Ni kweli."

"Sasa nisikilize kama dada yako, si kama ofisi. Karatasi ya kwanza ilisema si kazi. Ya pili inasema ni kazi na ni nyumba. Kiwanda wana nakala. Watasema ni nyumba. Na shahidi wao atakuwa wewe."

"Lakini unga ni mmoja! Umetoka gunia moja!"

"Naelewa."

"Umefika nyumbani kwa mgongo wake."

"Naelewa, mama."

"Kwa hiyo ningefanyaje? Ningenyamaza?"

"Ungenyamaza, ingebaki ile ya kwanza." Afisa alifunga jalada taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. "Unaweza kukata rufaa. Ni haki yako. Husikilizwa baada ya miezi sita, pengine mwaka."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akipiga honi, akanyamaza, akapiga tena. Mshonaji alitafuta neno la mwisho la kusema, neno ambalo lingemfanya mwanamke huyu alifungue tena lile jalada.

"Zipu yako imeshonwa kinyume," alisema. "Itakuachia hadharani. Ilete nyumbani, nitaigeuza."

Afisa alipeleka mkono mgongoni. "Asante," alisema, na hakumwangalia tena.

&nbsp;

Siku ya mwisho ya mwezi wa kiti waliondoka watatu: mshonaji, binti yake na shemeji, ambaye aliliegesha lori lake la mchanga mbele ya lango la kiwanda hadi mlinzi akaja kulifukuza.

Ofisini kwa Bwana Dakika kulikuwa na kiti kimoja cha wageni. Shemeji alimpa mshonaji. Fomu ya kuandikisha ilikuwa tayari mezani, nafasi ya jina tu ndiyo iliyokuwa tupu.

"Bwana msimamizi," mshonaji alisema, "nakuomba kitu kimoja. Binti muweke kwenye kufunga mikate."

"Kule pamejaa, mama."

"Basi tanuri. Shangazi amesema anahitaji mtu."

"Shangazi si msimamizi." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka kama mtu yeyote. "Nafasi ni ya marehemu, na marehemu alikuwa kwenye unga. Nikimhamisha huyu, kesho kila mtu atanijia na mama yake."

"Basi washa ile feni."

Bwana Dakika aliangalia saa. "Mimi nami nina watu juu yangu."

"Anapewa nini cha kujikinga?" shemeji aliingilia.

"Barakoa."

"Ngapi?"

"Barakoa," alirudia Bwana Dakika, kwa namna iliyoonyesha kwamba neno hilo halina wingi.

Mshonaji alisema atamshonea nyingine, za kitambaa kizito, tabaka tatu, atamshonea hata kumi. Binti aliweka mkono begani mwa mama yake. "Mama, inatosha," alisema, akainama na kuandika jina lake kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri wa shule. Shemeji aligeukia ukuta. Bwana Dakika alipuliza mhuri kabla ya kuugonga, ukagongwa, na kazi ikawa imekwisha kabla chai yake haijapoa.

Shangazi alikuwa akiwasubiri uani, aproni yake imekunjwa kwapani.

"Usimshonee barakoa," alimwambia mshonaji. "Kitambaa huzuia mate, hakizuii unga. Wewe mwana, njoo hapa. Nisikilize kabla hujaingia humo. Tanguliza maji kwenye chombo. Gunia usilipandishe begani. Lilaze, ingiza mdomo wake mpaka chini kabisa ndiyo uchane, limimine pole pole kama unamnywesha mtoto. Likiisha usilikung'ute, likunje ndani kwa ndani. Kifuniko kile kitoe koti la watu, kifunike. Sakafu nyunyizia maji kabla ya fagio. Pazia usitupe, pakaza unga kwa kiganja, wakucheke mpaka wachoke. Na dawa ya baba yako ifunge shingoni kwa uzi."

"Karibu na mashine si marufuku?" binti aliuliza.

"Marufuku. Ifunge ndani ya nguo."

Sasa ni wiki ya tano. Binti anaingia saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki, na hufanya yote kama alivyoelekezwa. Gunia likimiminwa hivyo huchukua dakika nne zaidi. Kipimo cha zamu ni magunia thelathini na mawili. Yeye anafikisha ishirini na sita, na Bwana Dakika amempa mpaka mwisho wa mwezi: ayafikishe yote au aachie kiti.